Wanyama Wadogo Hurudije Kiotoni? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu sisimizi, nyuki, nyigu, kaa, panya na wenzao: viumbe wanaotoka kutafuta riziki na kurudi kwenye tundu ambalo mlango wake mara nyingi haupiti upana wa kidole. Mifano mingine ni ya hapa kwetu, pwani na bara. Mingine ni ya mbali, kwa sababu huko ndiko majaribio yalikofanyiwa.

Kwa nini kurudi kiotoni kuhesabiwe kuwa jambo gumu?

Tazama vipimo. Sisimizi mwenye urefu wa sentimita moja akienda mita 100 kutoka shimoni mwake amekwenda mara 10,000 ya urefu wa mwili wake. Mtu wa kimo cha kawaida akitaka kufanya hivyo itambidi aende kilomita 17, tena kwa kuzungukazunguka, kisha arudi mpaka mlangoni bila kibao na bila kuuliza njia. Na macho ya sisimizi yako milimita chache tu juu ya ardhi. Jiwe analolipita mtoto bila kuliona, kwake limeziba upeo wote.

Je, wana ramani kichwani?

Wadudu wengi hawaihitaji. Wanachobeba ni vitu vichache: upande wa kwao, umbali uliobaki, sura ya mahali, na harufu. Kila aina ya mnyama huegemea zaidi kimoja au viwili kati ya hivi na kuweka vingine akiba. Kuhusu nyuki wataalamu bado wanabishana: wapo wanaosema nyuki ana kitu kinachofanana na ramani ya eneo lake, na wapo wanaosema kumbukumbu za sura za mahali zinatosha kueleza yote anayofanya. Panya ni habari nyingine, tutamfikia.

Kwa nini sisimizi wa jangwani anatajwa kila mara?

Kwa sababu anaishi mahali ambapo misaada mingine yote haipo. Nchini Tunisia, karibu na mji wa Maharès na kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid, wapo sisimizi wenye miguu mirefu wa jenasi ya Cataglyphis. Hutoka mchana, wakati wadudu wengine wanakufa kwa joto, na chakula chao ni hao hao waliokufa. Hawaachi njia ya harufu ardhini. Mizoga imetawanyika ovyo, mmoja hapa mwingine kule, kwa hiyo hakuna haja ya kuwaita wenzao, na juu ya ardhi inayochoma namna ile harufu haidumu. Kila mmoja hutoka peke yake.

Ukimfuata utaona anapinda huku na huku kwa makumi ya mita, wakati mwingine zaidi ya mita 100. Akimpata inzi aliyekufa humnyanyua, hugeuka, na kuanzia hapo hakuna kupinda tena. Hushika mstari mmoja, mbio, mpaka karibu kabisa na shimo. Hapitii alikopita wakati wa kwenda. Anakata ardhi ambayo huenda hajawahi kuikanyaga maisha yake yote.

Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Zürich, Rüdiger Wehner, aliwachunguza sisimizi hawa kwa miongo mingi tangu mwisho wa miaka ya 1960, na utafiti huo ulionyesha kwamba mdudu huyu anapotembea huwa anajumlisha. Kila kipande cha safari kina upande wake na urefu wake, na jumla husahihishwa kila anapopiga hatua, hivi kwamba popote alipo ana jibu moja tayari: kwetu ni upande ule, umbali kadhaa. Manahodha wa majahazi walivuka bahari kwa hesabu ya namna hii, kwa dira na makadirio ya mwendo wa chombo, kabla ya vifaa vya setilaiti.

Tutajuaje kwamba anahesabu, na si kwamba analiona shimo tangu mbali?

Mchukue wakati ndiyo kwanza ameshika chakula. Tuseme shimo lake liko mita 50 kusini. Mtie ndani ya kikopo kilichofunikwa, mpeleke uwanja mwingine, mwachie. Atakimbia kusini mita 50, kama vile hakuguswa, kisha atasimama na kuanza kutafuta mlango mahali ambapo ungekuwapo lau asingehamishwa. Hesabu yake haina kosa lolote. Aliyeivuruga ni yule aliyembeba, maana kubebwa hakumo katika hesabu ya miguu.

Umbali anaupimaje?

Kwa hatua. Jaribio lililothibitisha hili, la Matthias Wittlinger, Wehner na Harald Wolf, lilitangazwa mwaka 2006, na kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote katika elimu hii. Sisimizi walizoezwa kwenda mita 10 kutoka shimoni hadi kwenye chakula ndani ya mfereji ulionyooka. Walipofika kwenye chakula walikamatwa. Baadhi walibandikwa singa za nguruwe miguuni, wakawa warefu kama wanaotembea kwa miti. Wengine walipunguzwa miguu, jambo ambalo linauma hata kulisoma. Wote wakaachiwa warudi.

Wa miguu mirefu walipitiliza: walianza kutafuta mlango baada ya mita 15 na ushei. Wa miguu mifupi walisimama kabla ya kufika, kwenye mita 6 hivi. Idadi ya hatua ilikuwa ile ile waliyokuja nayo, ila urefu wa kila hatua ulikuwa umebadilika. Kisha wakarudishwa shimoni, na siku za baadaye walipotoka na kurudi kwa miguu ile ile mipya, walilipata shimo bila shida. Kwenda na kurudi sasa kulipimwa kwa kipimo kimoja.

Nyuki hana hatua za kuhesabu angani. Yeye hupima kwa macho, kwa jinsi ardhi na majani yanavyompita nyuma anaporuka. Akirushwa ndani ya mfereji mwembamba wenye kuta za madoadoa, mambo humpita haraka sana, naye huamini amesafiri mbali kuliko ukweli.

Na upande je? Ana dira gani?

Anga. Mwaka 1911 daktari Mswisi aliyeishi mji wa Kairouan, Tunisia, Felix Santschi, aliwaziba sisimizi waliokuwa wakirudi kwao wasilione jua, kisha akawaonyesha jua hilo hilo kwenye kioo kutoka upande wa pili. Sisimizi wakageuka na kushika njia ya kinyume. Alitumia kioo na kibao cha kivuli, basi, na akapata jambo ambalo maabara nyingi zenye fedha zingejivunia.

Baadaye Santschi aligundua kwamba hata jua likizibwa lote, kipande tu cha anga ya buluu kinatosha. Sababu yake ilieleweka kuanzia miaka ya 1940, kwa kazi ya Karl von Frisch juu ya nyuki. Mwanga wa jua ukitawanywa na hewa, mawimbi yake huanza kutikisika kwa mpangilio fulani, na mpangilio huo hutofautiana kutoka sehemu moja ya anga hadi nyingine kulingana na lilipo jua. Macho yetu hayauoni. Sisimizi na nyuki wana ukanda mdogo kwenye ukingo wa juu wa jicho ulioumbwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo anga ambayo kwetu ni buluu tupu, kwao imechorwa mistari.

Lakini jua halitulii mahali pamoja. Mbona hawapotei?

Kwa sababu wana saa mwilini. Nyuki aliyefungiwa gizani kwa muda kisha akafunguliwa hurekebisha upande kwa kadiri jua lilivyosogea alipokuwa ndani. Na marekebisho haya hayawi ya kiwango kimoja siku nzima, kwa kuwa upande wa jua hubadilika polepole asubuhi na jioni, na kwa kasi karibu na adhuhuri. Hayo mdudu huyajua kwa kulitazama jua la mahali pake katika siku zake za kwanza za kutoka nje.

Je, jua la utosi haliwasumbui wadudu wa nchi zetu?

Huwasumbua. Jua likiwa juu kabisa ya kichwa halina upande. Martin Lindauer, mwanafunzi wa von Frisch, alipowachunguza nyuki katika nchi za tropiki aliona kwamba jua likikaribia utosi kabisa, ngoma yao ya kuelekezana huvurugika. Hali hiyo haidumu. Dakika chache jua likishainama hupata upande tena. Mombasa na Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo Machi na tena mnamo Oktoba. Mfugaji aliye na mizinga karibu, siku hizo, saa sita na nusu mchana mnamo Machi au saa sita na dakika kumi mnamo Oktoba, atazame mlango wa mzinga kwa utulivu kwa dakika ishirini. Ni jambo ambalo wafugaji wa Ulaya hawawezi kuliona kwao.

Usiku wanafanyaje?

Mbalamwezi pia hutawanywa na hewa na kuwa na mpangilio wake, hafifu mno, na wapo wadudu wanaouona. Afrika Kusini, mbawakawa wanaoviringisha mavi hunyoosha njia yao kwa huo. Usiku usio na mwezi hutumia Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota unaokata anga. Hilo lilitangazwa mwaka 2013 na kundi la Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund: waliwavika mbawakawa vikofia vya karatasi gumu ili wasione juu, nao wakapoteza mwelekeo. Niseme wazi kwamba mbawakawa hawa hawarudi nyumbani. Wanakimbia tu na donge lao mbali na wezi waliojaa kwenye lundo. Ila dira yao ni ya aina ile ile.

Anayerudi kiotoni usiku kweli ni nyuki wa misitu ya Panama, Megalopta genalis. Kiota chake kiko ndani ya kijiti kilichokauka, na anaruka chini ya miti mirefu gizani. Yeye huukariri mlango. Watafiti walipoweka kadi nyeupe kwenye kiota chake, kisha wakaihamishia kiota cha jirani wakati hayupo, aliporudi aliingia kwa jirani.

Sisimizi wa jikoni kwangu wanakwenda mstari mmoja hadi kwenye sukari. Nao wanahesabu hatua?

Hao hufuata harufu. Aliyeipata sukari kwanza alirudi akiburuta ncha ya tumbo sakafuni, akiacha tone baada ya tone la kemikali, na kila anayepita huongeza. Chakula kikiisha hawaongezi tena, na harufu hufifia yenyewe.

Swali zuri zaidi ni hili: ukimwinua sisimizi ukamweka katikati ya njia hiyo, atajuaje kwao ni kulia au kushoto? Harufu yenyewe haina mshale. Kwa sisimizi wadogo wa manjano wanaoishi majumbani, Monomorium pharaonis, jibu lilipatikana Uingereza mwaka 2004: liko kwenye umbo la njia. Njia zao hugawanyika kila zinapokwenda mbali na kiota, na tawi na tawi huachana kwa pembe ya nyuzi 50 hadi 60. Anayefika penye panda husoma pembe. Akikuta kwamba kuendelea mbele kunahitaji kupinda kidogo tu, anajua anakoelekea. Akikuta kona kali, hugeuka.

Nikifuta njia yao, watapotea?

Kwa muda. Maji ya sabuni huondoa harufu, na utawaona wakisitasita ukingoni mwa mahali palipofutwa. Baadaye mmoja atavuka, na njia itaandikwa upya. Ondoa sukari kwanza.

Siafu hawana macho. Inakuwaje jeshi la namna ile lisipotee?

Kila siafu kibarua ni kipofu kabisa, na safu yenye maelfu kwa maelfu yao hushikiliwa na harufu na kugusana. Kiota chao nacho hakidumu: kundi huhama na mayai, watoto na malkia, kisha hutulia kwingine. Kwa hiyo kwa siafu nyumbani ni mahali wenzake walipo.

Mfumo huu una hatari yake. Huko Amerika, kwa ndugu zao wa mbali, imeonekana kundi likikatika na safu, kila mmoja akimfuata wa mbele yake, mpaka wa mbele kabisa akakutana na harufu ya wa nyuma. Wakawa duara, wakazunguka mpaka kufa. Sisimizi wa jangwani mwenye kujihesabia mwenyewe hawezi kufa hivyo.

Na aliyejeruhiwa vitani?

Hubebwa. Wapo sisimizi wakubwa weusi, Megaponera analis, wanaokwenda kwa safu kuvamia mchwa, na mchwa askari huwakata miguu au kuwang'ang'ania mwilini. Erik Frank na wenzake, katika mbuga ya Comoé nchini Ivory Coast, walionyesha mwaka 2017 kwamba majeruhi hutoa kemikali ya kuomba msaada, wenzao huwainua na kuwarudisha kiotoni, na wengi wao hupona na kushiriki uvamizi mwingine. Wakiachwa warudi wenyewe, baadhi hufa njiani. Sisimizi hao wapo Afrika Mashariki pia. Ukiona safu nyeusi imebeba mchwa na wachache wamebeba wenzao, ndio hao.

Nyigu huruka mbali na kurudi kwenye kishimo kisichoonekana. Anakijuaje?

Hukariri jirani zake. Niko Tinbergen, Mholanzi, aliwachunguza nyigu wanaowinda nyuki kwenye mchanga wa Hulshorst. Nyigu jike akiwa shimoni, Tinbergen aliuzungushia mlango duara la matunda makavu ya msonobari. Alipotoka, nyigu alizunguka juu ya mahali pale kwa sekunde chache kabla ya kwenda zake. Alipokuwa mbali, duara lilisogezwa kama sentimita 30. Aliporudi na windo lake alitua katikati ya duara, akatafuta mlango ambao haupo, huku mlango wa kweli ukiwa pale pembeni. Liliporudishwa duara mahali pake, akaingia. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1932, na mwaka 1973 Tinbergen alipata Tuzo ya Nobel pamoja na von Frisch na Konrad Lorenz.

Kule kuzunguka kwa sekunde chache ndiyo siri yote. Nyigu na nyuki wanaotoka mahali wasipopazoea hugeuka wakatazama mlango, huku wakirudi nyuma kwa nusu duara zinazopanuka. Wanajiwekea picha ya namna pataonekana wakati wa kurudi.

Kwa nini nikisogeza mzinga kidogo tu nyuki wanarundikana mahali pa zamani?

Kwa sababu hiyo hiyo. Nyuki mzoefu hatazami mzinga, anatazama mahali. Ukiusogeza mita 20 atarudi pale pale alipotoka jana na kuzunguka hewani, na jioni utakuta rundo la nyuki wamekaa chini au kwenye tawi lililo karibu, wakichoka na kufa kwa baridi ya usiku.

Wafugaji wana kanuni ya zamani: sogeza chini ya mita moja, au hamisha zaidi ya kilomita 5. Ukisogeza kidogo kidogo kila baada ya siku chache, wanarekebisha. Ukipeleka mbali, hakuna mti wala kilima wanachokifahamu, hivyo hutoka kwa kugeuka na kujifunza upya. Fanya usiku wote wakiwa ndani, ziba mlango, na asubuhi weka matawi yenye majani mbele ya mlango ili wanaotoka washtuke na kutazama nyuma. Nyuki wetu ni wakali wakitikiswa, kwa hiyo mavazi kamili na wasaidizi wachache.

Ile ngoma ya nyuki ndiyo inayowarudisha?

Hapana, ngoma ni ya kwenda. Nyuki aliyepata maua hucheza juu ya masega, na pembe ya mwendo wake kulinganisha na wima huonyesha pembe ya maua kulinganisha na jua. Muda wa kujitikisa huonyesha umbali, takriban sekunde moja kwa kila kilomita. Kurudi ni juu ya kila mmoja na hesabu yake. Ingawa nyuki walio mlangoni husaidia kidogo: huinua tumbo, hupepea mabawa na kusambaza harufu ya kundi, na wageni wa njia huishika hewani.

Je, dawa za kilimo zinaweza kuwafanya wapotee?

Ndiyo, na jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti kubwa kuliko linavyosemwa. Mwaka 2012 watafiti nchini Ufaransa waliwabandika nyuki vibandiko vidogo vya kielektroniki, wakawapa kiasi kidogo cha dawa iitwayo thiamethoxam, kiasi kisichoua, kisha wakawaachia mbali na mzinga. Waliopewa dawa walishindwa kurudi kwa wingi kuliko wasiopewa. Nyuki hakufa kwa sumu. Alipotea, na aliyepotea hufa. Dawa za kundi hilo hushambulia mishipa ya fahamu, na kutafuta njia ni kazi ya mishipa ya fahamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya tatu kati yake mashambani mwaka 2018. Mkulima mwenye mizinga, au jirani mwenye mizinga, asipulize dawa mazao yakiwa na maua, na kama hana budi basi iwe jioni nyuki wakiwa wamerudi.

Wale kaa wa mikokoni wanaopotea matunduni ukikaribia, mbona hawakosei?

Wanastahili jibu refu, kwani wako mlangoni petu. Kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa la rangi hula tope karibu na tundu lao maji yakipwa. Kutoka urefu wa macho yao, tundu hutoweka machoni wakishaondoka sentimita chache tu. Wao nao hujumlisha hatua. Tena huweka mwili sambamba, ubavu mmoja ukielekea tunduni wakati wote, ili wakishtuka wasipoteze muda wa kugeuka. Watafiti waliwavuta kaa polepole juu ya karatasi ya plastiki walipokuwa wanakula, kisha wakawatisha. Kaa walikimbilia pale ambapo tundu lingekuwapo na kusimama juu ya tope tupu.

Hori la Mida karibu na Watamu, na ghuba ya Gazi kusini mwa Mombasa, ni mahali panapojulikana na wataalamu wa kaa duniani kote. Watafiti wa Florence, akiwemo Marco Vannini na Stefano Cannicci, walifanya kazi huko na wenzao Wakenya. Mida wapo kaa wadogo wanaoishi kwenye mizizi ya mikoko na kupanda hadi kwenye majani ya juu kabisa kula, mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, kisha kushuka. Safari ya kwenda na kurudi ni juu na chini ya mti huo huo, kupitia matawi yanayogawanyika kila mahali, na kila kaa ana sehemu yake anayoirudia. Mikoko inapokatwa kwa ajili ya boriti na mkaa, tunakata pia barabara zao zote, na hasara hiyo haihesabiwi popote.

Panya niliyemtega nikimwachia nje ya uzio, atarudi?

Huenda sana, akiwa anaijua sehemu hiyo. Panya ana ubongo wenye ramani kwa maana halisi. John O'Keefe aligundua mwaka 1971 seli za ubongo zinazowaka panya anapokuwa mahali fulani tu. May-Britt Moser na Edvard Moser waligundua mwaka 2005 seli nyingine zinazoigawa sakafu kwa pembetatu zinazojirudia. Wote watatu walipata Nobel mwaka 2014. Na gizani panya hujumlisha pia. Mwaka 1980 Horst na Marie-Luise Mittelstaedt walimtazama mama panya wa jangwani akiokota watoto waliotolewa kiotoni na kuwarudisha moja kwa moja katika giza totoro. Aliposimama juu ya kisahani kilichozungushwa polepole mno, asihisi, alirudi akiwa amekosea kwa pembe ile ile aliyozungushwa.

Na sange?

Sange huyajenga mapito yake mwenyewe. Yule mwekundu-kahawia wa vichaka vikavu, aliyechunguzwa na Galen Rathbun karibu na Kibwezi nchini Kenya, hufagia majani na vijiti kwa miguu ya mbele kila siku, ili akikimbizwa asikwazwe na chochote. Kijiti kimoja kwenye kona, mbio zile, kinaweza kumgharimu maisha.

Fuko chini ya ardhi haoni jua wala alama. Anatumia nini?

Usumaku wa dunia. Nchini Zambia kuna fuko, Fukomys anselli, ambao wakiwekwa kwenye chombo cha duara hujenga kiota upande wa kusini-mashariki. Watafiti wakigeuza usumaku kwa nyaya za umeme, kiota nacho huhama.

Konokono niliyemtupa nje ya bustani amerudi. Ni yule yule?

Inawezekana. Majaribio ya Uingereza ya kuwapaka konokono rangi kwenye gamba yalionyesha kwamba wanaotupwa karibu hurudi. Mtupe angalau mita 20 au 30, vinginevyo unajichosha.

Wakishapotea hufanya nini?

Sisimizi wa jangwani hana wasiwasi wa ovyo. Huanza kuzunguka kwa vitanzi, kila kitanzi kikirudi katikati, mahali hesabu ilipoishia, kisha vitanzi hupanuka. Huku akitafuta, hunusa: harufu inayotoka shimoni na kubebwa na upepo humvuta, kwa hiyo mara nyingi hulikaribia shimo kutoka upande upepo unakoelekea, akiukabili upepo.

Katika uwanda wa chumvi usio na jiwe wala kijani, wenzake waliobaki nyumbani humsaidia. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Jena walionyesha kwamba sisimizi wa katikati ya uwanda hujenga vichuguu virefu juu ya mlango kuliko wa kando kando penye vichaka. Watafiti wakikibomoa kichuguu, hujengwa upya. Wakikibomoa lakini wakasimamisha nguzo nyeusi karibu, sisimizi wengi hawajisumbui kujenga, alama ipo. Sehemu ya hadithi hii inayonigusa ni kwamba wajenzi ni wale wasiotoka mbali: wanafanya kazi ili wengine warudi.

Ujuzi huu wanazaliwa nao au wanajifunza?

Uwezo wa kujumlisha huzaliwa nao. Sura ya nyumbani hujifunza. Sisimizi wa jangwani kabla ya kuanza kazi ya nje hutumia siku mbili tatu kutembea karibu na mlango, na kila baada ya muda husimama, hujizungusha, huutazama mlango ambao hauonekani kutoka pale. Mwaka 2018 ilibainika kwamba wakati huo hutumia usumaku wa dunia kujua upande wa kutazama: usumaku ukigeuzwa, hutazama pasipo. Baada ya mafunzo hayo huishi nje kwa takriban wiki moja tu, kisha huishia jangwani. Nyuki nao hutoka mchana mtulivu na kuelea mbele ya mzinga wakiutazama, na mfugaji mgeni hudhani wanataka kuhama.

Watoto wangu wanaweza kujaribu nini nyumbani?

Mengi, bila kumdhuru mtu. Tafuta nyigu anayejenga kwa udongo ukutani, au nyuki mpweke anayeingia kwenye tundu la ubao. Akiwa ndani, panga vifuniko vinne vya chupa kuzunguka tundu. Mwache atoke na kurudi mara kadhaa. Kisha, akiwa nje, sogeza vifuniko kiganja kimoja pembeni na mtazame atakapotua. Virudishe mara moja akishakosea, asipoteze windo lake.

Kwenye safu ya sisimizi wa uani, weka karatasi wapite juu yake mpaka wazoee, kisha izungushe robo duara na hesabuni ni wangapi watafuata karatasi na wangapi watasimama ukingoni. Rudia asubuhi na adhuhuri, mkilinganisha uani penye jua na chini ya mwembe.